Mauaji ya vikongwe na historia ya kumwita mtu mchawi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapozungumza juu ya wazee wanaouawa kwa tuhuma za uchawi, maswali yanayorudi ni yaleyale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu. Sehemu kubwa inahusu Usukuma, kwa sababu ndiko nilikokulia na ndiko damu nyingi zaidi ilikomwagika Tanzania. Kwingine nimegusa pale panaposaidia kuelewa.

Mchawi, mwanga, mlozi, mganga: hawa si walewale?

Hapana. Mchawi, au mlozi, ni mtu anayedhaniwa kudhuru wenzake kwa nguvu isiyoonekana: kuua mtoto, kukausha maziwa ya ng'ombe, kumzuia binti asiolewe. Kwetu Usukuma huitwa nogi, wengi wao balogi. Watu wa Pwani wana pia mwanga, anayesemwa kutoka usiku akiwa uchi na kucheza kwenye milango ya watu. Mganga ni mtu wa kutibu, na baadhi ya waganga hupiga ramli, yaani hutafuta nani amesababisha shida.

Kuna tofauti moja ambayo watu huipita bila kuitazama. Mganga hutundika kibao barabarani na kuandika namba yake ya simu. Mchawi hana kibao. Uchawi ni jina ambalo mtu hupewa na wengine, mara nyingi akiwa hayupo, na wakati mwingine hulisikia kwa mara ya kwanza siku ambayo ameshachelewa kulikana. Ndiyo maana katika majibu haya nitakuwa narudi kwenye jambo moja: nani alilitamka jina hilo kwanza, na alikuwa anataka nini.

Imani ya uchawi ililetwa na nani?

Haikuletwa. Karibu kila jamii inayojulikana imewahi kuwa nayo kwa namna fulani, kwa sababu inajibu swali ambalo daktari halijibu. Daktari atakuambia mtoto amekufa kwa malaria. Atakueleza hata mbu aliingiaje. Lakini watoto wa jirani wameumwa na mbu walewale, wamelala chini ya mti uleule, na wako hai. Kwa nini wangu? Kwa nini mwaka huu, baada ya ule ugomvi wa mpaka wa shamba? Radi ikipiga Sumbawanga, kila mtu anajua radi ni umeme wa mawingu. Anachouliza mfiwa ni kwa nini imechagua nyumba yake.

Uchawi hujibu swali hilo kwa kumtaja mtu, na mtu anayetajwa hatoki mbali. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hutasikia Msukuma wa Kwimba akidai amelogwa na mtu wa Mtwara ambaye hawajawahi kuonana. Atamtaja shangazi, mke mwenza, mama mkwe, jirani aliyemnyima chumvi. Ukichunguza kesi hizi utaona ugomvi ulikuwapo kabla ya ugonjwa.

Kabla ya wakoloni, mtuhumiwa alifanywa nini?

Ilitegemea mahali. Kusini mwa Tanganyika, na ng'ambo ya mpaka katika nchi zinazoitwa leo Malawi na Zambia, kulikuwa na mwavi: dawa ya sumu iliyotokana na gome la mti, ikachanganywa na maji, mtuhumiwa akanywa mbele ya watu. Akitapika, hana hatia. Akifa, alikuwa mchawi. Mahali pengine kuku au mbwa alinyweshwa kwa niaba yake. Usukuma shauri lilipelekwa kwa mtemi, yaani chifu, na adhabu iliyozoeleka kwa aliyeonekana na hatia ilikuwa kufukuzwa akaishi katika utemi mwingine.

Sisemi zamani kulikuwa na amani. Mwavi uliua watu wengi wasio na hatia, na kumfukuza mtu mbali na mashamba yake ni kumwua polepole. Lakini kulikuwa na mahali pa kwenda na tuhuma, na kulikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana. Hilo likumbuke tutakapofika mwaka 1963.

Wakoloni walipiga mwavi marufuku, na katika pengo hilo wakaja wasafishaji. Miaka ya 1930 vijana kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) walizunguka vijiji vya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na kufika Tanganyika wakiwa wamevaa mavazi ya kizungu na kubeba kioo cha kujitazamia. Wanakijiji walipangwa mstari. Mganga akatazama kwenye kioo, akasema huyu safi, huyu ana pembe za uchawi amezificha, azilete. Kisha wote wakanyweshwa dawa iitwayo mchape: atakayerudia uchawi baada ya kuinywa, dawa itamwua. Ufipa waliwaona wasafishaji hao tena miaka ya 1960, wakiitwa kamchape, na jina hilo bado linasikika Rukwa, Katavi na Kigoma. Kwingine wanaitwa lambalamba. Kijiji huchangishwa fedha, wazee huburutwa uwanjani, nyumba hupekuliwa, na anayekataa kupekuliwa tayari amejishtaki.

Je, haya ni mambo ya Afrika tu?

Swali hili huulizwa na Waafrika kwa aibu na wageni kwa kiburi. Jibu ni lilelile kwa wote.

Kati ya mwaka 1450 na 1750 hivi, mahakama za Ulaya ziliua watu kati ya 40,000 na 60,000 kwa kosa la uchawi, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa wanawake. Hawa waliuawa na dola: kulikuwa na hakimu, karani, mashahidi, na gharama za kuni zikaandikwa kwenye vitabu. Mateso yalikuwa sehemu ya upelelezi. Mtu aliyening'inizwa kwa mikono iliyofungwa mgongoni alikiri, kisha akaulizwa nani mwingine alikuwa naye kwenye mkutano wa Shetani. Akataja majina ili ashushwe, na waliotajwa wakaletwa nao wataje. Mwishoni mwa miaka ya 1620 miji ya Bamberg na Würzburg, Ujerumani, iliteketeza mamia ya watu kwa njia hiyo, wakiwemo watoto na mapadri. Friedrich Spee, padri Mjesuiti, alichapisha mwaka 1631 kitabu bila jina lake akisema wazi kwamba mateso ndiyo yanayozalisha wachawi: mtese yeyote, naye atakuwa mchawi.

Lakini mtu ninayemheshimu kuliko wote katika historia hii ni Mhispania, Alonso de Salazar Frías. Alikuwa mmoja wa majaji watatu wa mahakama ya dini ya Logroño, ambayo mwaka 1610 iliwachoma moto watu kutoka nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Mwaka uliofuata alitumwa vijijini, akasikiliza watu karibu 1,800, wengi wao watoto waliojitaja wenyewe kuwa wachawi. Alifanya jambo ambalo wenzake hawakufanya: alipima. Aliwauliza mmojammoja mkutano ulifanyika wapi, akaona wanataja mahali tofauti. Marhamu walizodai ni za uchawi zikajaribiwa kwa wanyama, hazikufanya kitu. Akaripoti kwamba hakukuwa na wachawi wala waliologwa hadi watu walipoanza kuyasema na kuyaandika. Mwaka 1614 wakubwa wake walitoa maelekezo mapya, na uchomaji wa wachawi chini ya mahakama hiyo ukafa karibu kabisa, miaka mingi kabla ya nchi nyingine za Ulaya. Hakuna aliyekuwa amewashawishi Wabaski waache kuamini uchawi. Kilichobadilika ni kwamba tuhuma ilidaiwa ushahidi.

Salem, Marekani, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa na mmoja akakandamizwa kwa mawe hadi kufa. Uswisi ilimwua Anna Göldi, mtumishi wa ndani, mwaka 1782. Bunge la Glarus lilimsafisha jina mwaka 2008.

Sheria ya uchawi ya Tanzania inasema nini?

Waingereza walitunga sheria ya kwanza Tanganyika mwaka 1922 na kuibadilisha mwaka 1928. Hiyo ya 1928, pamoja na marekebisho yake, ndiyo tunayoitumia hadi leo, Sura ya 18. Kenya wana yao ya mwaka 1925.

Ili kuielewa lazima ujue kilichotokea London. Mwaka 1735 bunge la Uingereza lilifuta kosa la kuwa mchawi na badala yake likaweka kosa la kujifanya una nguvu hizo. Wazo hilo lilisafiri hadi kwetu. Sheria inapotaja uchawi inataja pia mtu anayedai kuwa na nguvu za kishirikina, anayemiliki vifaa vyake, anayetishia kuvitumia. Vilevile ni kosa kumtaja mtu kuwa ni mchawi, isipokuwa ukipeleka jambo hilo kwa wenye mamlaka kama polisi, mahakama au mkuu wa wilaya. Wengi hawalijui hili. Mtu anayesimama kilabuni na kutangaza kwamba bibi fulani ndiye aliyemwua mtoto, amevunja sheria kabla hata hajashika panga.

Kifungu cha 8 kinampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayedhaniwa kufanya uchawi ahame akakae mahali pengine. Yaani ule ufukuzaji wa watemi uliingia kwenye sheria ya Kiingereza kupitia mlango wa nyuma. Na hapo ndipo wananchi walipochanganyikiwa: serikali inayosema uchawi ni kujifanya tu, mbona inamhamisha mtu?

Kwa mwanakijiji anayeamini kweli kwamba mwanawe amelogwa, sheria hii ilionekana kumlinda mchawi na kumfunga anayejitetea. Ukambani mwaka 1931 kundi la wanaume lilimpiga hadi kufa mwanamke waliyemtuhumu kumloga mke wa mwenzao. Mwaka 1932 mahakama ya koloni la Kenya iliwahukumu wanaume 60 kunyongwa kwa kifo hicho kimoja. Adhabu ilibadilishwa baadaye, lakini kesi ile ilitikisa hadi Uingereza, maana wale watu walikuwa wanaamini wametekeleza hukumu ya jadi yao.

Kwa nini Usukuma?

Hapa nitakaa kidogo.

Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu karibu 3,700 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Sita katika kila kumi walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya vifo vyote vilitokea Mwanza na Shinyanga. Magazeti yakaita "mauaji ya vikongwe". Neno hilo sikulipenda tangu nikiwa shule, kwa kuwa linamweka bibi kwenye kundi la vitu, kikongwe na kiti, lakini ndilo lililoenea.

Kosa kubwa la wageni ni kudhani Wasukuma wameua hivi tangu enzi. Adhabu ya kale, kama nilivyosema, ilikuwa kufukuzwa. Mauaji ya mapanga kwa wingi ule yanaonekana katika kumbukumbu kuanzia miaka ya 1960. Kwa hiyo swali ni nini kilibadilika, na yalibadilika mengi kwa wakati mmoja.

Mwaka 1963 serikali ilifuta utemi. Mtemi alikuwa na kasoro zake, baadhi yake kubwa, lakini ndiye aliyekuwa akisikiliza shauri la uchawi na kulipoza. Mwenyekiti wa kijiji aliyekuja baada yake hakuwa na uwezo huo. Sheria haikumruhusu hata kulisikiliza. Mtu aliyefiwa akabaki na ramli mkononi, hana wa kumpelekea.

Kisha zikaja operesheni za vijiji, kilele chake mwaka 1974. Msukuma alikuwa anaishi mbalimbali: kaya, zizi, shamba, halafu uwazi mrefu ndipo umwone jirani. Ukigombana na mtu ulihama. Ghafla watu wakapangwa kwenye mistari, nyumba kwa nyumba, pamoja na wasiopatana nao, na kuhama bila ruhusa kukawa hakuna. Surua ikiingia inapita nyumba zote, na kila mama anaona nani alipita mlangoni kwake jana.

Halafu ardhi na mali. Pamba na ng'ombe vilileta fedha, watu wakaongezeka, mashamba yakabana. Mjane mwenye eka kadhaa na watoto waliohamia Geita au Kahama ni kizuizi kwa mtu fulani. Ndipo ikazaliwa biashara: vijana wa kukodiwa, wanaoitwa wakata mapanga, wanaotoka kijiji kingine ili wasitambuliwe. Anayewalipa hapatikani eneo la tukio. Mara nyingi siku ya msiba ndiye anayepokea wageni.

Lakini katikati ya mnyororo huo huwa kuna mpiga ramli. Mfiwa anakwenda kwake akiwa na kifo na anarudi na jina. Mara nyingine mpiga ramli hatamki jina kabisa. Anasema "ni mwanamke, mtu mzima, anaishi upande wa magharibi wa nyumba yako, mnachota maji kisima kimoja". Aliyefiwa hujaza mwenyewe. Ramli ya namna hii ndiyo Watanzania tunayoiita ramli chonganishi, na jina hilo linafaa.

Kuhusu macho mekundu: ni kweli wazee waliuawa kwa ajili ya rangi ya macho?

Ni kweli. Ilisemwa mchawi anajulikana kwa macho mekundu, kwa kuwa hakeshi bure.

Bibi yangu alikuwa na macho mekundu. Alipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwenye nyumba isiyo na dirisha, miaka hamsini. Kuni zilikuwa mbali. Miti ya Usukuma ilikatwa na kuchomwa kwa maelfu ya hekta tangu enzi ya Mwingereza ili kuwafukuza mbung'o, kisha ikaendelea kukatwa kupisha pamba. Ongeza vumbi, nzi wa zizini na trakoma, ugonjwa wa macho, isiyotibiwa, na utapata macho ya karibu kila mwanamke mzee aliyekuwa akiishi huko. Ishara ya uchawi ilikuwa ni ishara ya kupika.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulisaidia watu kurudisha ngitili zao, yaani malisho yaliyotengwa yapumzike, na miti ikaota tena. Wataalamu huusifu kwa ajili ya udongo na malisho. Mimi nikiona kuni karibu na jiko la mwanamke mzee nafikiria macho.

Mwaka 1976 ilitokea nini?

Mauaji yalipozidi, serikali ilifanya operesheni Mwanza na Shinyanga. Watu wengi walikamatwa, wakiwemo waganga na watuhumiwa wa mauaji. Waliteswa wakiwa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa.

Habari zilipofika juu, Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu mwaka 1977, ingawa hakuwa ameshika fimbo mwenyewe. Aliitwa Ali Hassan Mwinyi. Miaka minane baadaye akawa Rais. Watanzania hulikumbuka tukio hilo kama mfano wa kiongozi kuwajibika, na wana haki. Lakini wachache wanakumbuka kwamba waliokufa walikufa katika jitihada za kuzuia mauaji ya wazee, na kwamba kupata ukweli kwa kipigo ni kosa lilelile alilolilaani Spee Ujerumani miaka zaidi ya 340 kabla.

Sungusungu walisaidia au waliharibu?

Vyote viwili. Hawa ni vikundi vya ulinzi vya wanakijiji wenyewe. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Kahama na mpaka wa Tabora kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, na wizi ulipungua kweli. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono. Lakini mahali pengi waliwashughulikia pia waliodaiwa kuwa wachawi, kwa kuwatenga na kijiji: hakuna kusalimiwa, hakuna kuchota maji, hakuna kuazimwa moto. Kutengwa kulimnusuru mtu na panga. Kulimwacha pia bila mtu.

Mauaji ya watu wenye ualbino ni jambo hilohilo?

Mpiga ramli ni mmoja, lakini sababu ni tofauti. Bibi anauawa kwa kuwa anadaiwa kuwa mchawi. Mtu mwenye ualbino hadaiwi kufanya kosa lolote. Anawindwa kwa ajili ya viungo vyake, kwa mteja anayetaka dhahabu, samaki au kura. Mauaji hayo yalishtua dunia kuanzia miaka ya 2006 na 2007, na Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa vibali vya waganga wa jadi. Mwaka 2015 serikali ikapiga tena marufuku, na hadi Machi polisi walikuwa wamewakamata waganga zaidi ya 200.

Nakubaliana na lengo, ila marufuku ya jumla humchanganya mzee anayejua mizizi ya tumbo na tapeli anayeuza majina ya watu. Sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 inataka waganga wasajiliwe. Kusajili na kukagua ni kazi ya kuchosha isiyopigwa picha, na ndiyo inayohitajika.

Kwa nini wanawake zaidi?

Kwa sababu mwanamke huolewa kwenye ukoo usio wake na huzeeka humo akiwa bado ni mgeni. Mume akifa, ana shamba lakini hana kaka wa kulisimamia. Na ndiye aliyekuwa karibu: alipika chakula, alimwogesha mtoto, alikesha na mgonjwa. Ugonjwa ukishinda, mikono iliyohudumia inakuwa mikono iliyoonekana.

Si kila mahali, hata hivyo. Huko Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, wanaume wazee wako hatarini sana, na nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba ambalo vijana wanataka liuzwe. Alama ya huko ni mvi. Wapo wazee wanaopaka nywele piko ili waonekane bado vijana.

Mtu aliyeua anaweza kujitetea mahakamani kwamba marehemu alikuwa mchawi?

Kuamini tu hakutoshi. Mahakama za Afrika Mashariki zimelishughulikia hili tangu ukoloni, na kesi mbili za Uganda ndizo zinazonukuliwa zaidi. Mwaka 1941, katika kesi ya Fabiano Kinene, washtakiwa walimkuta mtu usiku akitambaa uchi kwenye ua wao, wakaamini yuko kazini akiloga, wakamwua papo hapo. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba walichokozwa ghafla, na kosa likashuka kutoka mauaji ya kukusudia. Mwaka 1951, katika kesi ya Galikuwa, ikaweka mpaka: hofu ya kitu kitakachotokea baadaye haitoshi, lazima kuwe na tendo lililoonekana, na hasira iwe ya wakati uleule. Aliyekwenda kwa mpiga ramli Jumatatu, akanoa panga Jumatano na kuua Ijumaa, hana utetezi.

Dini zinasemaje?

Wapo wanaonitajia Kutoka 22:18, "Usimwache mwanamke mchawi kuishi". Mstari huo ulisomwa pia mbele ya mioto ya Ulaya, na makanisa yaliyousoma hivyo yamejuta. Kwa Waislamu, Sura ya Al-Falaq inataja shari ya wanaopulizia mafundoni, na inachofundisha ni kuomba kinga kwa Mola. Haimpi mtu ruhusa ya kwenda kumtafuta jirani. Ninachokiogopa zaidi siku hizi ni mhubiri anayetoa "unabii" kwamba aliyekufunga yuko nyumbani kwenu. Hiyo ni ramli, hata kama mkononi kuna Biblia.

Mauaji yamekwisha?

Yamepungua, hayajakwisha. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu watu 765 waliouawa Tanzania mwaka 2013 kwa imani za kishirikina, wanawake wakiwa 505. Miaka iliyofuata hesabu ilishuka. Oktoba 2014 watu saba walichomwa moto kijijini Murufiti, Kasulu. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo mganga. Julai 2017 wanawake watano waliuawa Undomo, Nzega. Kisii, Kenya, watu 11 waliteketezwa Mei 2008, na wanawake wanne wazee wakauawa Oktoba 2021. Julai mwaka huohuo Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lake la kwanza kuhusu tuhuma za uchawi.

Na wewe, unaamini uchawi upo?

Nimekaa na watu wanaoamini maisha yangu yote, ni ndugu zangu, na siwacheki. Mimi siamini kwamba bibi anaweza kumwua mtoto kwa kumtazama. Lakini angalia kwamba Salazar hakuwa na haja ya kuwabadilisha imani Wabaski. Unaweza kuamini uchawi upo na bado ukakataa kwamba mpiga ramli aliyelipwa na mpwa anayetaka shamba anajua mchawi ni nani.

Bibi yangu ameanza kusemwa kijijini. Nifanye nini?

Usingoje. Maneno hutangulia panga kwa wiki au miezi, na wakati mwingine huja na barua ya vitisho iliyoachwa mlangoni. Barua hiyo usiichome, ni ushahidi.

Nenda kwa mtendaji wa kijiji au kata na kituo cha polisi, ukiwa na mtu mwingine anayeheshimika, na uhakikishe imeandikwa kwenye kitabu. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya naye apewe taarifa. Mtaje aliyesema, si tu kilichosemwa, kwa kuwa kumtaja mtu mchawi ni kosa kisheria. Fuatilia nani alikwenda kwa mganga na kwa mganga gani. Uliza kimyakimya kuhusu shamba: nani amewahi kulitaka, nani aligombana na marehemu babu. Kama ardhi haina hati ya kimila, anza kuishughulikia, na warithi waandikwe wakiwa wengi na wa wazi.

Asilale peke yake. Mjukuu mmoja mkubwa ndani ya nyumba hubadilisha mengi, na simu yenye namba za majirani wawili wa kuaminika iwe karibu na kitanda chake. Akihitaji kuondoka kwa muda, aondoke mchana, akisindikizwa, na watu waelezwe kwamba anakwenda kwa mwanawe, atarudi kwa msimu wa kulima. Mpeleke pia kwenye kliniki ya macho, na umjengee jiko lenye bomba la kutolea moshi.